Maji ya Moto Tuyaache, Arobaini Tuishike



Mama mmoja wa upande wa Urambo alifika hospitalini kwetu siku ya 16 baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti katika mji wa mbali. Cheti chake kilisema amekuja kubadilishiwa bendeji tu. Tulipofungua tulikuta mshono ni mzuri, nyuzi zimeshika, hakuna usaha wala harufu. Lakini chini ya titi la kushoto, kuelekea mbavuni, ngozi ilikuwa imetoka malengelenge na kubabuka kwa upana wa kiganja. Hakuwa amemwagikiwa uji wala chai. Alikuwa amekandwa. Mama mkwe wake aliona weusi unashuka kutoka kwenye titi kwenda ubavuni, akasema damu imelala humo na lazima itolewe. Akachemsha maji, akachovya taulo, akakamua, akamkanda asubuhi na jioni kwa siku tatu mfululizo. Na mgonjwa hakupiga kelele, kwa sababu hakusikia joto.

Hapo ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui. Daktari anapopasua titi, mishipa midogo ya fahamu hukatwa pamoja na nyama. Ngozi ya mahali hapo hukaa na ganzi kwa wiki nyingi, pengine miezi. Maji ambayo mkono wa mkandaji unayaona ya kawaida yanaweza kuiunguza ngozi ile, na mwenye ngozi asijue mpaka aone malengelenge. Tena joto hupanua mishipa ya damu, na mishipa iliyopanuka huvuja zaidi. Kwa hiyo aliyekanda ili kupunguza uvimbe, ameuongeza.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mama mkwe yule. Alifanya kwa upendo jambo ambalo yeye mwenyewe alifanyiwa kila alipojifungua, na mama yake kabla yake. Mzazi akitoka leba hukandwa kwa maji ya moto, ndivyo tulivyolelewa. Lawama tunaichukua sisi wauguzi. Mgonjwa huyo alikuwa amekwisha kupita mikononi mwetu mara moja kabla ya siku ile. Tulitazama nyuzi, tukaandika kwenye kadi, tukamwambia arudi. Hakuna kati yetu aliyemuuliza: nyumbani ni nani anayekuhudumia, na anakuhudumia namna gani?

Pengine wapo wasomaji watakaoshangaa kwamba kuna mwanamke anayekwenda kupunguzwa matiti. Tumesikia maneno mengi: ni maringo, ni mambo ya mjini, anamkosoa Mungu. Wanaosema hivyo hawajaona mabega tunayoyaona sisi. Mama mwenye matiti mazito sana hutembea na mifereji miwili mabegani, iliyochimbwa na mikanda ya sidiria. Shingo inamuuma, mgongo unamuuma, na chini ya matiti ngozi hulowa jasho ikachubuka na kutoa harufu, hasa miezi ya Septemba na Oktoba ambapo Tabora inakuwa kama tanuri. Wengine wameacha hata kwenda kuchota maji mchana kwa kuona haya. Upasuaji huu ni tiba kwa watu wa namna hiyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji rekebishi, na kupunguza matiti ni mojawapo. Wagonjwa wake wataendelea kurudi vijijini kwetu, na ni sisi tutakaowapokea. Nyama inayoondolewa, tuseme kwa kupita, hupelekwa maabara kuchunguzwa kama haina ugonjwa. Mgonjwa aulize majibu yake, asiyaache. Na binti ambaye bado anatarajia kuzaa aelezwe kabla ya kisu kwamba huenda maziwa yakapungua au yasitoke.

Sasa tuseme juu ya uvimbe wenyewe. Lugha yetu ina neno moja tu, uvimbe, kwa jipu, kwa saratani na kwa titi lililojaa baada ya upasuaji. Ndiyo maana mgonjwa akiambiwa "una uvimbe" roho inamtoka. Lakini kuvimba baada ya kisu ni kazi ya mwili. Mwili huleta maji na damu mahali palipojeruhiwa ili kujenga upya. Uvimbe huu huongezeka siku ya pili na ya tatu, na ndizo siku ambazo mgonjwa hulia akidhani mambo yameharibika. Baada ya hapo hupungua polepole. Sehemu kubwa huisha ndani ya wiki 6, na kilichobaki huendelea kupungua kwa miezi kadhaa. Titi moja linaweza kutangulia kunywea na jingine likachelewa. Asubuhi mama huonekana nafuu, jioni baada ya shughuli titi likajaa tena kidogo. Hayo yote ni ya kawaida. Umbo la kweli la matiti halijulikani katika mwezi wa kwanza, hivyo kujipima mbele ya kioo kila siku ni kujitesa bure.

Damu iliyovilia nayo ina safari yake. Kwa sababu ya uzito huteremka, ndiyo maana weusi huonekana mbavuni au hata tumboni, mahali ambapo kisu hakikufika kabisa. Damu haijapotea njia wala haihitaji kutolewa kwa nguvu. Mwili wenyewe huimeza, na aghalabu katika wiki 2 au 3 imekwisha. Vitabu vingi tulivyosomea chuoni vilieleza rangi hizo kwa kutazama ngozi nyeupe: nyekundu, bluu, kijani, njano. Kwenye ngozi yetu mambo si hivyo. Mara nyingi utaona weusi uliozidi weusi wa ngozi, au zambarau iliyofifia, na njano utaiona kwa shida. Kwa hiyo usitumie macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja kwa upole: je, pana joto kuliko upande wa pili? Bonyeza kidogo: pamekuwa pagumu kama ubao? Ngozi inang'aa kwa kujaa? Mgongo wa kiganja cha mama mkwe unaweza kugundua shida mapema kuliko tochi ya daktari, kama amefundishwa.

Je, badala ya kukanda tufanye nini? Siku 2 au 3 za mwanzo ubaridi husaidia, kama daktari aliyepasua ameruhusu. Sio kila nyumba ina jokofu, lakini mtungi upo. Jaza maji chupa ndogo ya plastiki, iache ndani ya mtungi usiku kucha, halafu izungushie kitambaa kikavu na kuiweka pembeni mwa titi kwa dakika 10, kisha iondoe. Usiiweke juu ya chuchu, kwa sababu chuchu baada ya upasuaji huu huwa inategemea damu kidogo mno na ubaridi huipunguza. Mwenye barafu asiiweke kamwe juu ya ngozi bila kitambaa; ganzi ile ile isiyosikia moto haisikii barafu pia. Bendeji isilowe.

La pili ni kushikiza. Titi lililopasuliwa likining'inia, uvimbe hukaa chini na nyuzi huvutwa. Mgonjwa avae sidiria laini, pana, isiyo na waya, mchana na usiku, kwa muda alioambiwa, ambao mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Awe nazo mbili ili moja ifuliwe. Asiye nayo tunaweza kumfunga kanga iliyokunjwa pana kuanzia kwapani hadi chini ya matiti. Lakini tujihadhari: kanga yetu ina tabia ya kujisokota ikawa kamba, na kamba hukata njia ya damu. Vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Fundo lisikae juu ya titi.

Usiku alale chali, kichwa na kifua vimeinuliwa kwa mito au kwa magunia yaliyojazwa nguo. Asilale kifudifudi. Mchana asilale tu kitandani; atembee uani, aende hadi mlangoni kwa jirani na kurudi, maana miguu isiyotembea hugandisha damu.

Tumefika mahali tunapotaka wasomaji watusikilize vizuri zaidi. Mama aliyejifungua huku kwetu ana arobaini yake. Hachoti maji, hatwangi, hapiki; dada, wifi na mama mkwe hushika zamu. Hata mume mkali hunyamaza mpaka siku hizo zipite. Hii ni mila nzuri, na uganga wa kisasa hauna cha kuikosoa. Wiki 6 ambazo daktari bingwa humpa mgonjwa wa matiti ni siku 42. Tofauti ni siku mbili tu! Lakini mama aliyepasuliwa hapati arobaini. Hana mtoto wa kuonyesha, na watu husema, "Alijitakia mwenyewe." Siku ya kumi wanamkuta anatwanga. Tumechukua kutoka kwenye uzazi kile kinachomdhuru, yaani maji ya moto, na tumemnyima kile ambacho kingemponya, yaani mapumziko. Sisi tunaona kwamba mambo haya mawili yageuzwe: maji ya moto tuyaache, arobaini tuishike.

Labda ni vigumu kwetu kwa sababu sisi wa Tabora tumezaliwa juu ya njia ya mizigo. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa kila mahali. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ilikuwa ya miezi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, Tabora ya leo, mwezi Novemba. Wanawake pia walikuwamo katika misafara, na vyungu, chakula na watoto juu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya wapagazi ikapanda behewani. Mzigo wa mama haukupanda. Ndoo ingali kichwani, kuni zingali begani, na anayeshindwa kubeba huitwa mvivu.

Kwa mwili uliopasuliwa kifuani, mzigo wa kichwani si wa kichwani tu. Mama anaponyanyua ndoo ya lita 20 hadi kichwani, mikono yote miwili hupita juu ya mabega, misuli ya kifua huvuta, na mishipa midogo iliyokuwa imeanza kuziba hufunguka upya. Jembe ni hivyo hivyo, na matuta ya viazi ndiyo mabaya zaidi. Mchi unashinda vyote, kwa kuwa unainua mikono na kuishusha kwa nguvu mara mia. Baiskeli katika barabara zetu za makorongo hutikisa titi kama maziwa kwenye kibuyu. Kisha mbeleko. Hapa wengi husahau, hata madaktari, ambao huandika "asibebe vitu vizito" wakidhani wamemaliza. Mtoto mgongoni hufungwa kwa nguo inayokatiza juu ya kifua na kukazwa. Uzito wote wa mtoto huangukia pale pale penye mshono. Mama mwenye mtoto mchanga wa kubeba hana budi kupata mtu wa kumbebea kwa wiki 6, na asipompata heri aahirishe upasuaji.

Habari ya kuahirisha inatukumbusha jambo. Upasuaji huu si wa dharura, basi uchaguliwe majira. Anayelima tumbaku au mahindi asipange kupasuliwa Novemba mvua zinapoanza. Hakuna arobaini itakayosimama mbele ya shamba. Juni hadi Agosti mavuno yamekwisha, hewa ni ya baridi, jasho ni kidogo na uvimbe huvumilika.

Tumbaku tumeitaja, tuimalizie. Mkoa wetu unaijua kuliko mikoa mingi. Sigara na ugoro hubana mishipa ya damu, na titi lililopasuliwa linahitaji kila tone. Avutaye au anusaye aache wiki 4 kabla ya upasuaji na aendelee kuacha mpaka apone kabisa. Bibi zetu wanaonusa ugoro kwa siri wasidhani hatuwaoni! Kwa maumivu, panado inatosha mara nyingi, kwa kipimo alichoandikiwa. Aspirini inazidisha kuvuja kwa damu. Asinywe bila kumuuliza daktari, na dawa nyingine za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni aulizie kwanza. Dawa za mizizi asinywe wala kupaka juu ya mshono. Hatuzidharau, ila hatujui zinafanya nini na damu.

Safari ya kurudi nyumbani nayo ni tiba au madhara. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, na kwa basi ni siku nzima ya kukaa. Mgonjwa asisafiri mpaka daktari aliyempasua ameona kidonda na kumruhusu. Akiwa ndani ya basi, ashuke na kutembea kila linaposimama, Morogoro, Dodoma, Manyoni, na kiti kwa kiti achezeshe nyayo. Kanga iliyokunjwa iwekwe kati ya mkanda wa kiti na kifua. Begi lipandishwe na mwingine. Wapagazi wa zamani walijua kupiga kambi. Dereva wa siku hizi hajui, basi ni juu ya mgonjwa na msindikizaji wake kumwomba.

Yapo mambo ambayo hayangoji zamu ya kubadilisha bendeji. Titi moja likijaa ghafla kuliko jingine, likawa gumu na maumivu yakazidi dawa, hasa siku mbili za mwanzo, hiyo ni damu inayovuja ndani na huenda ikabidi arudishwe chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Chuchu ikigeuka nyeusi zaidi ya kawaida yake au ya kibuluu na kuwa baridi, ni vivyo hivyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, harufu, wekundu au joto linaloenea, mshono kuachia: njoo. Kama ni homa, apimwe malaria, sawa, lakini asirudishwe na dawa ya malaria bila kufunguliwa bendeji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi zikikatika ghafla na kifua kuchoma, ni dharura kubwa kuliko zote. Nendeni hospitali iliyo karibu, iwe Kitete, Ndala au Nkinga, usiku au mchana. Baada ya miezi, mwingine huona mshono wenyewe unanenepa na kuwasha. Huo si uvimbe tuliousema. Ni kovu linalokua kupita kiasi, sisi Waafrika tunalipata zaidi, na lina tiba yake likiwahiwa.

Tunajua kwamba wanawake wengi wanaopasuliwa matiti mkoani kwetu hupasuliwa kwa sababu ya saratani, si kwa kupunguza. Karibu yote tuliyosema juu ya moto, mapumziko na kushikiza yanawahusu. Wao wana la ziada: tezi za kwapani zikitolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Zamani tulipoanza kazi tuliwaambia wasiutumie mkono huo kabisa. Siku hizi inajulikana kwamba mazoezi ya polepole, yanayoongezwa kidogo kidogo, ni mazuri kwao. Jambo hilo linastahili ukurasa wake.

Kwa upande wetu sisi watumishi wa hospitali, cheti cha kuruhusiwa kilichoandikwa Kiingereza hakimsaidii mtu yeyote nyumbani. Tunapendekeza mgonjwa wa matiti asiruhusiwe mpaka yule atakayemhudumia, awe mama mkwe, dada au mume, ameitwa kando ya kitanda na kuonyeshwa kwa mikono: hivi ndivyo kanga inavyofungwa, hivi ndivyo chupa inavyowekwa, hapa hakuna hisia, jaribu mwenyewe umguse uone. Inachukua nusu saa. Na bwana wa nyumba aitwe pia, aambiwe tarehe ambayo mkewe ataruhusiwa kunyanyua ndoo, ili asije akasema hakujua.

Yule mama wa Urambo alipona. Palipobabuka pameacha alama. Mama mkwe wake tulimwita tukamwonyesha, naye aliligusa titi kwa kidole akamuuliza mkwewe, "Hapa husikii?" Mkwewe akasema hasikii. Mzee yule alikaa kimya kitambo. Kisha akatuuliza imebaki siku ngapi. Tukahesabu naye kwenye kalenda ya ukutani: 26. Akasema ndoo atachota yeye, na mjukuu atambeba yeye, tena kesho yake asubuhi alikuja amemfunga mgongoni.